Fahamu Faili la Hosts: Anwani Moja ya IP Inavyobeba Majina Mengi ndani ya Kompyuta

Mwalimu wa kompyuta katika kata ya vijijini kama Gendabi, wilayani Hanang mkoani Manyara, anaweza kuwaonesha wanafunzi tovuti tatu zenye majina tofauti, zote zikiwa katika kompyuta moja ya darasani, bila kununua kifurushi cha intaneti. Kinachowezesha jambo hilo ni faili dogo la maandishi liitwalo hosts.

Kompyuta hufika kwenye tovuti kwa anwani ya IP, ambayo ni namba. Kazi ya kutafsiri jina kuwa namba hufanywa na mfumo wa majina ya vikoa, DNS. Hata hivyo, kabla ya kuuliza mfumo huo, kwa kawaida kompyuta husoma kwanza faili lake la hosts. Utaratibu huu ni mkongwe kuliko DNS yenyewe: katika mtandao wa ARPANET nchini Marekani, orodha moja ya majina ilitunzwa sehemu moja na kila kituo kilichukua nakala yake. Orodha ilipozidi kukua, Paul Mockapetris alibuni DNS mwaka 1983, lakini faili la ndani likabaki.

Katika Linux na macOS faili hilo lipo kwenye /etc/hosts. Katika Windows lipo kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts. Kulihariri kunahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta. Anwani huandikwa kwanza, kisha majina yakitenganishwa kwa nafasi:

192.168.1.10 maktaba.test mitihani.test kilimo.test

Iwapo tovuti zimo katika kompyuta hiyo hiyo inayotumika, anwani huwa 127.0.0.1. Majina yakiwa mengi, ni salama zaidi kuanza mstari mpya wenye anwani ile ile. Mwisho wa .test ulitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya majaribio, hivyo hautagongana na tovuti halisi.

Mambo mawili huwakwaza wengi. Kwanza, mstari huo hufanya kazi katika kompyuta ulimoandikwa tu. Darasa lenye kompyuta kumi litauandika mara kumi. Pili, faili hili halipangi kurasa. Seva ndiyo husoma jina lililotumwa na kivinjari na kuchagua tovuti ya kufungua, hivyo nayo lazima ielekezwe.

Uwezo huo huo huwavutia matapeli. Programu hasidi ikipata ruhusa ya msimamizi, inaweza kuandika jina la benki au la tovuti yenye kikoa cha go.tz mbele ya anwani ya tapeli. Mwananchi ataandika jina sahihi, ataliona jina sahihi juu ya kivinjari, lakini atakuwa anakabidhi nywila yake kwa mwizi. Dalili ya kawaida ni onyo la kivinjari kuhusu cheti cha usalama. Onyo hilo lisipuuzwe.

Katika matumizi ya kawaida, mwananchi hahitaji mstari wowote wenye jina la benki au la taasisi ya Serikali ndani ya faili hilo. Akiukuta, asiingize taarifa zake. Aikabidhi kompyuta kwa fundi anayemwamini na abadilishe nywila kwa kutumia kifaa kingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Mwaka 2015 inakataza kuingilia data za kompyuta ya mtu bila idhini.