Mikoko ya Rufiji na Shauri la Kamba

Delta ya Rufiji, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti, imezoea amri zitokazo mbali. Mnamo 1898 Wadachi waliifanya mikoko yake hifadhi ya dola, wakitaka faida ya boriti ambazo majahazi yalikuwa yakizichukua kwenda Arabuni na Ghuba ya Uajemi iingie katika hazina yao. Nazo serikali zilizofuata zikairithi milki hiyo, hata wenyeji wakawa wakilima na kuvua mahali ambapo, kwa mujibu wa karatasi, si pao.

Ndipo katika miaka ya 1990 African Fishing Company ilipoomba kiasi cha hekta 10,000 ifuge kamba. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, lililoundwa kwa sheria ya 1983, lilishauri ombi likataliwe, na sababu hazikuwa siri kwa yeyote aliyepata kupiga kafi katika vijito vya Salale: kamba mchanga huingia kutoka baharini akakulia penye mizizi ya mikoko, kisha hurudi kuko huko kutaga, basi aikataye mikoko ili achimbe mabwawa humnyang'anya mvuvi riziki yake, na chumvi ikiingia mashambani, mkulima akeshaye juu ya dungu akifukuza nguruwe wasile mpunga hana tena cha kulinda. Hata hivyo, mwishoni mwa 1997, Baraza la Mawaziri liliuridhia mradi. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipokuwa ila ya sheria yenyewe: wataalamu walipewa ulimi wa kunasihi bila mkono wa kuzuia, wala walioamua hawakulazimishwa kuwaeleza raia kwa nini nasaha imewekwa kando.

Waliotaka maelezo ni wanavijiji, ingawa si wote, kwani wapo waliovutiwa na ahadi ya ajira. Wakisaidiwa na LEAT, jumuiya ya mawakili wa mazingira, walikwenda Mahakama Kuu. Mambo yakakawia, mradi ukafifia, na mabwawa hayakuchimbwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ndiyo iliyokuja kulazimisha tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa kuanza, na wananchi wasikilizwe. Mikoko, lakini, ingali hifadhi ya serikali, na atakaye boriti za kujengea nyumba yake sharti aombe kibali.