Treni ya Abiria Jijini Dar es Salaam na Reli Zake Tatu

Huduma ya treni ya abiria ndani ya Jiji la Dar es Salaam ilianza tarehe 29 Oktoba, 2012, katika njia mbili kwa wakati mmoja. Iliyokuwa Kampuni ya Reli Tanzania (TRL) ilianzisha safari kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, na Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia (TAZARA) ikaanzisha safari kati ya Mwakanga na Kurasini. Waziri wa Uchukuzi wakati huo alikuwa Dkt. Harrison Mwakyembe, na wananchi hawakukawia kuiita "Treni ya Mwakyembe".

Njia zilizotumika hazikujengwa kwa ajili ya wakazi wa jiji. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ukilenga bara. TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilikusudiwa kuipatia Zambia njia ya kuelekea bandarini. Jiji ndilo lililozifuata reli hizo. Buguruni, Tabata, Mabibo na Yombo zilijaa watu pembezoni mwake, na kwa miaka mingi wakazi wake waliona treni zikipita bila kusimama, wao wakigombea daladala barabarani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728.

Urithi huo una gharama yake. Reli ni ya njia moja, hivyo treni mbili zinazokutana hupishana tu mahali penye njia ya pembeni, na iliyotangulia hulazimika kuisubiri nyingine. Mwisho wa safari, kichwa kilichokuwa kikivuta mabehewa huhamishiwa upande wa pili kabla ya kurudi, isipokuwa treni yenye vichwa pande zote mbili. Aidha, reli hukatiza barabara zenye magari na waenda kwa miguu wengi. Dakika zinazopotea katika hatua hizo ndizo zinazoamua idadi ya safari kwa siku, na kwa hiyo ni wafanyakazi wangapi watakaowahi kazini.

Kikwazo kikubwa zaidi ni upana wa reli. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 na TAZARA milimita 1,067. Tofauti hiyo, isiyozidi upana wa vidole vinne, inatosha kuzuia behewa la njia moja lisiingie katika njia nyingine. Hata shehena zinazobadilishana reli hizo hupakuliwa na kupakiwa upya Kidatu. Kwa abiria maana yake ni kwamba treni ya Mwakanga haiwezi kuendelea hadi Stesheni. Huteremka kituo cha TAZARA, barabara ya Nyerere, na kutafuta daladala ya kuelekea katikati ya jiji.

Mwaka 2016 TRL iliongeza safari za kwenda Pugu, hatua iliyowafaa wakazi wa upande ambao barabara yake hulemewa asubuhi. Sheria ya Reli ya mwaka 2017 iliunganisha TRL na RAHCO, iliyokuwa ikimiliki miundombinu, na kuunda Shirika la Reli Tanzania (TRC). TAZARA haikuguswa, kwa kuwa ni mali ya nchi mbili.

Reli ya tatu ni ya kisasa (SGR), yenye upana wa milimita 1,435 na inayotumia umeme. Safari za Dar es Salaam hadi Morogoro zilianza tarehe 14 Juni, 2024, na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi huduma hadi Dodoma tarehe 1 Agosti, 2024. Ni treni ya masafa marefu, lakini ina kituo Pugu, na stesheni yake kuu ipo jirani na ile ya zamani, karibu na kituo cha mabasi yaendayo haraka cha Gerezani. Hapo abiria anaweza kubadili usafiri kwa miguu. Anayetoka njia ya TAZARA bado anahitaji usafiri wa barabara, na nauli nyingine, ili afike hapo.