Kitoweo na Uhai

Msomaji, ukipata nafasi ya kufika Kendu Bay asubuhi, shuka mpaka ufukoni mwa Ziwa Victoria. Hapo utaona omena wameanikwa juu ya nyavu kuukuu, wakimetameta juani. Wavuvi huwavua usiku kwa mwanga wa taa, na kukipambazuka akina mama huwanunua, huwaanika, kisha huwapima kwa debe na gorogoro. Samaki hawa, ambao Watanzania huwaita dagaa na Waganda huwaita mukene, ni wadogo kuliko kidole. Hata hivyo, wamo katika habari kubwa ninayotaka kukusimulia. Ni habari ya ugonjwa uliowashinda waganga kwa miaka mia mbili, na ya kazi ambayo mwili wako unaifanya hata sasa unaposoma maneno haya.

Kwanza yafaa tuielewe kazi hiyo. Chakula unachokula hakikupi nguvu mara tu kifikapo tumboni. Hakina budi kuvunjwavunjwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina fundi wake. Mafundi hao ni protini ziitwazo vimeng'enya. Lakini fundi seremala hawezi kupasua mbao bila msumeno. Vivyo hivyo, vimeng'enya vingi havifanyi kazi bila kitu kidogo cha kuvisaidia. Jambo hili lilionekana mwaka 1906, mwaka ule ule wamisionari walipofungua kituo chao pale Gendia, karibu na Kendu Bay. Kule London, Arthur Harden na William John Young walikuwa wakichunguza maji yaliyokamuliwa katika hamira, ambayo hugeuza sukari kuwa pombe. Walipoyachuja na kuyatenga sehemu mbili, kila sehemu peke yake ilishindwa kazi. Walipozichanganya tena, kazi ikaendelea. Sehemu moja ilikuwa na vimeng'enya, na ya pili ilikuwa na msaidizi wake, ambaye hakuharibika hata alipochemshwa. Msaidizi huyo leo huitwa NAD. Hupokea haidrojeni itokayo katika chakula na kuipeleka mahali pengine, ili mwili upate nguvu. Asipokuwapo, hakuna mtu awezaye kuishi.

Sasa tugeukie ule ugonjwa. Mahindi, ambayo leo ndiyo tegemeo la ugali wetu, asili yake ni Marekani ya kale. Yalivuka bahari pamoja na Wahispania na Wareno, yakafika Ulaya na Afrika. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal wa Asturias, huko Hispania, aliona maradhi mapya miongoni mwa maskini waliokula mahindi zaidi ya kitu kingine. Ngozi yao ilibabuka mahali palipopigwa na jua, wakaharisha, akili zikawaruka, na mwisho wengi walikufa. Nchini Italia ugonjwa huo uliitwa pelagra, yaani ngozi iliyokwaruzika.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini pelagra iliingia kwa nguvu katika majimbo ya kusini ya Marekani. Wengi walidhani kwamba inaambukizwa na vijidudu. Mwaka 1914 serikali ya nchi hiyo ilimtuma daktari Joseph Goldberger kuchunguza. Alizuru nyumba za yatima na hospitali za wagonjwa wa akili, akaona jambo la ajabu: wagonjwa walipata pelagra, lakini wauguzi waliokaa nao hawakuipata. Ugonjwa gani wa kuambukiza huchagua hivyo? Tofauti ilikuwa katika chakula. Mwaka 1915, katika gereza moja la Mississippi, wafungwa 11 walikubali kula vyakula vya nafaka bila nyama wala maziwa, kwa ahadi ya kusamehewa vifungo vyao. Baada ya miezi kadhaa, 6 kati yao walikuwa na dalili za pelagra. Watu walipozidi kubisha, Goldberger na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa na kumeza uchafu wa miili yao. Hakuna aliyeugua. Yeye na mwenzake Edgar Sydenstricker walionyesha pia kwamba katika vijiji vya viwanda vya pamba, kadiri mapato ya nyumba yalivyopungua, ndivyo pelagra ilivyozidi. Neno hilo liliwachukiza wakubwa, kwa kuwa ni rahisi kumlaumu kijidudu kuliko kuulaumu ujira mdogo.

Goldberger alifariki mwaka 1929 bila kukijua kitu chenyewe kilichopungua. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliwaponya mbwa wenye ugonjwa unaofanana na pelagra kwa kuwapa niasini, ambayo ni mojawapo ya vitamini B. Kumbe niasini ndiyo malighafi ya NAD! Hata hivyo kilibaki kitendawili kimoja. Maziwa yana niasini kidogo sana, nayo huzuia pelagra, yawezekanaje? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1945, Willard Krehl na wenzake walipoona kwamba panya waliokosa niasini walisitawi wakipewa triptofani, ambayo ni kipande kimoja cha protini. Mwili wenyewe, hasa ini, huichukua triptofani, huigeuza hatua baada ya hatua kwa msaada wa vitamini nyingine na chuma, na kuifanya NAD. Kazi hiyo ina gharama: miligramu 60 hivi za triptofani huhesabiwa sawa na miligramu 1 ya niasini.

Bila shaka sasa umeelewa ila ya mahindi. Niasini yake nyingi imefungwa, wala tumbo haliwezi kuifungua. Na triptofani yake ni haba. Wenyeji wa Mexico, walioyalima tangu kale, huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa hiyo huifungua niasini. Wazee wetu wa magharibi mwa Kenya nao waliyajua maji ya majivu, wakayatia katika mboga. Lakini unga wa mahindi hatukuuandaa hivyo. Tuliyapokea mahindi bila maarifa ya wenyewe. Kinachotulinda sisi ni kitoweo.

Usidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Mwaka 1990, nchini Malawi, wakimbizi waliotoka Msumbiji kwa ajili ya vita walikuwa wakiishi kwa posho ya unga wa mahindi. Njugu zilizokuwa zikitolewa pamoja na unga huo zilikatika. Katika muda wa miezi tisa wagonjwa wa pelagra zaidi ya 17,000 waliandikwa. Watu hao walikuwa na ugali; walichonyimwa ni njugu tu.

Turudi basi Kendu Bay. Omena wana niasini, na wana protini ambayo ndani yake imo triptofani. Njugu zinazolimwa Homa Bay na Migori ni hivyo hivyo. Mtoto anayekula ugali kwa omena amepewa mahitaji yote mawili. Lakini omena wengi wa ziwa letu hupakiwa magunia na kupelekwa viwandani kusagwa kuwa chakula cha kuku. Mama anayewauza hana kosa, maana karo na sabuni havinunuliwi kwa omena. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda kuongeza niasini na vitamini nyingine katika unga wa mahindi wa pakiti. Ni sheria njema. Lakini unga wa gunia la nyumbani, unaosagwa katika mashine ya posho ya kijijini, kwa kawaida hauongezwi kitu.

Kwa hiyo, msomaji, usiridhike ukisikia kwamba watu fulani wameshiba. Uliza wameshiba nini, na kitoweo chao kimekwenda wapi. Casal na Goldberger waliuona ugonjwa huu kwa sababu walitazama sahani za maskini. Wewe nawe, ukiwa mwalimu, mwuguzi au diwani kesho, zitazame. Mwili unajua kazi yake tangu zamani. Wajibu wetu ni kuuletea vifaa.