Nyapara Asiyenyamaza

Hapa kwetu Bombambili mtoto akivimba taya, ushauri hauishi. Huyu husema ni jino, ling'olewe. Yule husema ni mkono wa mtu. Leo nataka tuzungumzie uvimbe mmoja usiongoja ushauri huo umalizike, ambao historia yake ni ya Afrika Mashariki hasa.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye akamwona mwingine wa namna hiyo hospitalini Jinja. Mwaka 1958 akaandika habari za saratani hiyo. Mwaka 1961, Tanganyika ikijiandaa kupata uhuru, Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari wiki 10, kiasi cha maili 10,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmeuona uvimbe huu? Walikuta umeenea penye joto na mvua, na ni nadra kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani yake ilifanana na ya malaria kali.

Mwaka 1964, huko London, Anthony Epstein na wenzake walikuta kirusi ndani ya seli za uvimbe uliopelekwa kwa ndege kutoka Kampala. Lakini kirusi hicho kimo katika miili ya watu karibu wote duniani. Mbona basi si wote wanaougua? Malaria ya mara kwa mara ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ilijulikana mwaka 1982.

Ndani ya seli mna jeni iitwayo MYC. Protini yake ni kama nyapara wa shambani: huziamuru jeni nyingine zifanye kazi, seli ikue na kugawanyika. Kazi ikitosha, nyapara hunyamazishwa. Katika saratani hii, kipande cha kromosomu ya 8 chenye MYC hukatika na, mara nyingi, huhamia kromosomu ya 14, jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika seli hiyo nyeupe ya damu hazipumziki. Nyapara naye hanyamazi tena. Uvimbe waweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili.

Siku moja au mbili, nasi tungali barazani tukimtafuta mchawi! Kung'oa jino hakumnyamazishi nyapara huyu, wala hirizi. Dawa za saratani ndizo zinazomweza, kwa kuwa hushambulia zaidi seli zinazogawanyika upesi. Tangu miaka ya 1960 Burkitt mwenyewe aliwaona watoto wakipona kwa dawa hizo, na hata leo wanaowahishwa wengi hupona.

Kwa hiyo wazazi wenzangu, mtoto akivimba taya au tumbo, na uvimbe ukazidi siku hata siku, mpelekeni hospitali ya mkoa, iliyo mjini humu humu. Wao watajua kama inafaa afike Muhimbili. Nauli ya Dar es Salaam ni mzigo, nakubali. Tuchangiane mapema, kama tunavyochangiana msibani.