Wahunzi wa Isiolo: Walitegemewa na Wote, Wakatengwa na Wote

Basi la kwenda Marsabit likisimama Isiolo, Kenya, wachuuzi hulizunguka wakinadi bangili za shaba na visu vya ala za ngozi. Nyuma ya biashara hiyo kuna historia ya mafundi waliodhulumiwa kwa vizazi.

Katika jamii za wafugaji zinazokutana mjini humu, uhunzi ulikuwa kazi ya koo maalumu. Wasamburu waliwaita wahunzi lkunono, Waborana tumtu na Wasomali tumaal. Mtoto wa mhunzi alizaliwa mhunzi, na kuoana naye kulikuwa mwiko. Mwaka 1905, A. C. Hollis, ofisa wa kikoloni wa Uingereza, aliandika kuwa hata Mmaasai, jamaa wa Wasamburu, alijipaka mafuta mikononi kabla ya kupokea chuma kutoka kwa mhunzi, aepuke unajisi. Silaha humwaga damu, wafugaji walisema, hivyo aliyezifua ana doa. Lakini morani aliyezitumia vitani alisifiwa.

Hata hivyo, bila mhunzi morani hakuwa na mkuki. Msaidizi alivukuta viriba viwili vya ngozi ya mbuzi kwa zamu, moto usipoe, huku fundi akifua bapa la mbele na ncha ndefu ya nyuma, vikiunganishwa kwa mpini mfupi wa mti. Zamani waliyeyusha mchanga wenye chuma. Misafara ya pwani ikaleta nyaya nene, kisha zikaja springi za magari.

Fundi alilipwa mifugo. Akidhulumiwa, hakuwa na chama cha kumtetea; silaha yake ilikuwa laana. Paul Spencer, aliyewachunguza Wasamburu miaka ya 1950, alieleza jinsi laana ya mhunzi ilivyoogopwa.

Kwingineko pia chuma kilifuliwa kwa jasho la wanyonge. Kiwanda cha Saugus, Massachusetts, kilitumia mateka Waskoti wa vita vya Dunbar vya 1650. Baadaye matanuri ya Maryland na Virginia yakategemea Waafrika waliofanywa watumwa.

Leo Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya asili ya mtu katika jamii, na cha 41 kinalinda haki za wafanyakazi. Lakini sheria haiposi wala haiozi. Wazee wa Isiolo, mwiko wa kuoana na wahunzi uliwekwa na watu, na watu wanaweza kuuondoa. Tangazeni hadharani kwamba mtoto wa mhunzi ni mtoto kama wengine.