Safu ya Lugha: Mbuni hafichi kichwa

Kiongozi anayekwepa tatizo siku hizi huandikwa kuwa "ameficha kichwa mchangani kama mbuni". Msemo huo tumeukopa Ulaya, na chimbuko lake ni la kale. Katika karne ya 1, Mrumi Pliny aliandika kwamba mbuni akiingiza kichwa na shingo kichakani hudhani mwili wote umefichika. Si kweli. Mbuni hutaga katika shimo la kina kifupi, na akiinamisha kichwa humo huwa anayageuza mayai. Akihofia adui, huweza kulala chini na kunyoosha shingo ardhini ili asionekane. Au hutimua mbio zinazofikia kilomita 70 kwa saa. Akibanwa, hupiga teke la kuua.

Kiswahili kina maneno yake, na kila moja lina kazi yake. Anayejua akajifanya hajui, anajitia hamnazo. Anayeona uovu akaunyamazia, anaufumbia macho. Asiyetaka kusikia maonyo, ametia pamba masikioni. Waandishi wenzangu, tuchague linalofaa, tusimsingizie mbuni ujinga asio nao.