Makoloni Mawili

Kibaha nilikosoma na Kisarawe kwa wazee wangu hakuna pwani. Bahari tunaifuata Dar es Salaam. Lakini neno moja wanalotumia wanaochunguza viumbe wa bahari kuu limenifanya niitazame upya historia ya Uzaramo. Neno hilo ni koloni.

Kwenye somo la historia, koloni lilikuwa Wajerumani, kodi na kiboko. Kwenye biolojia nikalikuta tena, safari hii kwa sifonofora. Ukimwona utadhani ni konyeza, kumbe ni wanyama wengi wadogo walioungana. Wengine kazi yao ni kuogelea, wengine kula, wengine kuzaa. Muogeleaji hana mdomo, lakini hafi njaa: chakula anachokimeng'enya mwenzake hupita kwenye shina la pamoja na kumfikia. Wote wamechipuka kutoka yai moja. Jamii nyingine hurefuka kupita mita 40.

Mwaka 1869 mwanazuolojia Mjerumani, Ernst Haeckel, alichapisha mhadhara kuhusu mgawanyo wa kazi katika maumbile na katika maisha ya binadamu. Sifonofora alikuwa mmoja wa mifano yake.

Miaka 30 baadaye, Machi 1899, meli ya utafiti Valdivia ilitia nanga Dar es Salaam. Kiongozi wa msafara alikuwa Carl Chun, profesa wa Leipzig na bingwa wa sifonofora. Alifika kwenye koloni la aina nyingine. Mwaka mmoja kabla, serikali ya Kijerumani ilikuwa imeanza kutoza kodi ya nyumba. Kijijini nyumba moja ilidaiwa rupia 3, na asiye na fedha aliweza kulazimishwa kulipa kwa nguvu zake.

Hapo ndipo ninapoona mfano wa sifonofora unakataa kuwafaa watawala. Mgawanyo wa kazi waliuleta: huyu alime, yule abebe mizigo, mwingine ahesabu rupia. Shina la kurudishia chakula hawakulileta. Wala hatukutoka yai moja nao. Walikuja na meli.

Wanabiolojia wataendelea kusema koloni, na sina ugomvi nao. Mimi, nikimweleza sifonofora kwa Kiswahili, namwita ukoo: wengi, kazi mbalimbali, chungu kimoja.